Simu Haina Jicho

Bulla Iftin, Garissa
9 Januari 2025

Dahabo,

Assalamu aleikum. Nisamehe kwa kukawia hivi. Najua tangu nitoke kwenye ile programu ya kijani ya ujumbe unawaambia watu nimekufa. Sijafa. Nina mtoto anayeota meno. Kila nikishika kalamu anaitaka yeye, na nikimnyang'anya analia mpaka majirani wanadhani namchinja. Ukiona wino umetapakaa hapa chini, ujue Najib amekusalimia kwa mate yake.

Nilikutumia ujumbe wa kawaida nikakuomba uweke Signal tuongee huko. Ukanijibu kwa vichwa vinavyocheka. Basi, karatasi. Mimi sirudi na wewe huji, kwa hivyo tutaandikiana kama bibi zetu, ambao kama unakumbuka hawakujua kuandika. Barua hii naipeleka ofisi ya basi la Wajir. Karani ameniuliza kama kuna pesa ndani. Nikamwambia kuna matusi tu. Na tutatukanana kwa Kiswahili, maana kule bwenini mimi Msomali na wewe Mborana hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania.

Unataka sababu. Unaikumbuka mimba yangu ya kwanza. Nilikuwa na programu ya kuhesabu wiki, yenye maua maua. Mimba ikatoka, programu haikutoka. Kila Ijumaa: "Hongera mama! Mtoto wako sasa ni mkubwa kama embe." Nilibonyeza kila mahali nikitafuta pa kuiambia. Hapakuwa na mahali. Halafu matangazo ya nepi yakaanza kwenye simu ya Mulki, dada yake mume wangu Bishar, kwa sababu nyumba nzima tulitumia intaneti moja. Mulki akatangazia ukoo mzima kwa vigelegele, na mimi niko chumba cha nyuma nimelala na kitambaa tumboni.

Sasa tarehe zangu ziko kwenye programu inayoitwa Drip, na hazitoki nje ya simu yangu. Ramani natumia Organic Maps, inafanya kazi hata bila mtandao, wala haiulizi mimi ni nani. Ya nyakati za swala pia nimebadilisha. Ile ya zamani ilitaka kujua niko wapi. Sawa, kibla kinahitaji. Lakini ilitaka pia majina ya watu wote ninaowajua. Ya nini? Ya kuswali jamaa? Hizi nilizoweka, msimbo wake uko wazi. Ni kama mama anayepika na mlango wazi: mimi sijui kupika chakula chake, lakini wanaojua wanapita na kuchungulia sufuriani. Hao wengine wanafunga mlango, halafu wanakuambia ule tu, ni bure.

Mulki anasema mimi ni mgonjwa. Anasema, "Mimi sina la kuficha." Nikamwambia haya, baba yako ana ngamia wangapi? Aliniangalia kama nimemvua shela sokoni! Hata mimi mke wa mwanawe sijui. Kwetu ngamia hawahesabiwi mbele ya watu, jicho la husuda litawapata. Lakini uso wa mwanangu, kabla sijamaliza siku zangu arobaini, Mulki ameurusha kwenye kundi la ukoo lenye watu mia mbili, nusu yao sijui ni ukoo wa nani.

Na sasa nasikia wazimu umefika porini. Bishar na baba mkwe wangu, Mzee Dekow, wapo na ngamia huko upande wa Eldas. Bishar ananiambia kampuni moja inayoitwa Malisho Yetu imempa mzee simu ya bure, na sahani ya kuichaji kwa jua. Iko huko kwenu Wajir. Unaijua?

Wewe mwenyewe siku hizi unafanya kazi wapi? Hukuniambia.

Mimi, Saado
Mama Najib


Wajir
23 Januari 2025

Mama Najib,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata ikiwa na mate kweli. Niliisoma ofisini, wenzangu wakauliza kama nimeitwa mahakamani, maana siku hizi nani anapata karatasi?

Hebu tuongee. Wewe umekuwa mlinzi wa geti lisilo na nyumba. Una nini cha kuibiwa, Saado? Tarehe zako? Kibla chako? Unaweka programu ambazo watumiaji wake wote wanaenea kwenye pikipiki moja, halafu unashangaa huna marafiki. Signal yako nilifungua nikaangalia nani yuko huko. Alikuwepo fundi mmoja wa kompyuta na yule mwalimu wetu wa kemia. Asante, nitabaki na walio hai.

Malisho Yetu naijua sana, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaanza mahubiri. Niko upande wa ofisi, huko porini wanaenda wengine. Nikueleze maana unaongea juu ya kitu usichokijua. Mzee anaandikishwa na wanyama wake. Simu inatuma yuko wapi. Kundi likihamahama, nukta yake kwenye ramani ni nyekundu. Kundi likitulia mahali pamoja, programu inajua hapo pana majani na maji, na nukta inakuwa ya kijani. Kadiri linavyotulia, ndivyo kijani kinavyokolea. Mwingine aliye mbali akiona kijani anajua pa kwenda, hatembezi wanyama wake mpaka wafe njiani.

Mama yangu alikuwa mjane na mbuzi zake, unakumbuka. Kila kiangazi wanaume walijua mvua imenyesha wapi, na hakuna aliyemwambia. Walinong'ona wenyewe kwa wenyewe pale kisimani, naye akaenda kwa kubahatisha. Hiyo siri mnayoitukuza nyinyi watu wa ngamia, sisi ilitulaza njaa. Basi acha simu iseme kwa sauti.

Kula vizuri, unanyonyesha. Mbusu Najib, ukitaka kwa siri, ukitaka kwa uwazi.

Dahabo


Garissa
11 Februari 2025

Dahabo,

Nimesoma habari ya mama yako mara nyingi. Mungu ndiye anajua waliomnyima. Lakini sikiliza lililotokea.

Mzee Dekow alikuwa amepata bonde lenye majani, na dimbwi la mvua ambalo halijakauka. Alitulia. Nukta ikawa kijani, kama ulivyonieleza kwa majivuno. Je, ni wajane waliokuja? Mjane hana simu ya kuonyesha ramani, ana kitochi cha kupiga na kupokea tu. Walikuja wenye malori. Walishusha ng'ombe, kondoo na matangi ya maji, wakachota dimbwi kwa pampu. Bishar anasema lilibaki tope, na juu ya tope ilibaki chupa ya soda. Majani yakaisha, wakapakia, wakaondoka. Hao hawatembei kwa miguu, wao kijani kikiisha hapa wanafungua simu kutafuta kingine.

Na dalali mmoja akaja na karatasi ya idadi. Idadi kamili, Dahabo. Akamwambia mzee, "Kwa wanyama hawa wote na kiangazi hiki, utaniuzia tu." Mzee alikaa chini. Bishar anasema hajawahi kumwona baba yake akikaa chini mbele ya dalali.

Huyu mzee aliidanganya serikali kwenye sensa. Alimdanganya chifu, na siku ya harusi yangu alimdanganya baba yangu mzazi mpaka baba akaniuliza kama naenda kwa maskini. Bishar akamwuliza, "Aabo, kwa nini kampuni uliiambia ukweli?" Akajibu, "Niliiambia simu, mwanangu. Mtu ana jicho. Simu haina jicho."

Haina jicho! Na kwa kuwa haina jicho ameifunga shingoni mwa ngamia anayeongoza, pamoja na kengele ya mti, isipotee. Analiza kengele huku anatuma habari.

Nikuambie kinachoniuma hasa. Najib alipozaliwa babu yake alimpa ngamia jike wa kitovu, kama desturi. Ndiye mali ya kwanza ya mwanangu duniani. Uzao wake wote utakuwa wa Najib, na akikua, hapo ndipo nyumba yake itakapoanzia. Huyo ngamia ana mimba na sasa mbavu zinaonekana. Wamehamia mahali pa mwisho ambapo mzee anapajua. Mimi sijui ni wapi na sitaki kuambiwa. Baada ya hapo hakuna pengine mpaka mvua, na wakishatulia tu, simu itapaka kijani tena.

Bishar alijaribu kuizima, ikamwambia aweke namba ya siri ya wakala. Na mzee hataki iguswe, anasema aliyempa alimwapia kwamba itamletea mvua ya habari. Huyo wakala ni mjinga gani? Mtu anakaa kwenye mkeka wa mzee, anakunywa maziwa yake, halafu anamtoa utumbo na kuuanika barabarani. Ni mtu wa namna gani, Dahabo? Uko ofisini, nitafutie jina lake.

Saado


Wajir
20 Februari 2025

Saado,

Ramadhani inakaribia, tupunguze ndimi.

Mawakala ni wengi, majina siwezi kutoa. Unajua kazi ni kazi. Nao ni vijana waliotembea kwenye jua, wana imani na wanachofanya, hawakutumwa na shetani. Pengine huyo wakala aliona ni msaada. Mzee alifurahi, si ndiyo? Unasema "mjinga" kama vile wewe hujawahi kubonyeza "nakubali" bila kusoma. Ile ya maua maua ulisoma?

Ya malori nimesikitika. Nimewaandikia wakubwa. Walijibu kwamba takwimu zinaonyesha huduma inatumika vizuri.

Kumfuta mzee haiwezekani kutoka huku. Kilichoandikwa kinakaa Nairobi. Lakini usiogope kupita kiasi. Yule ngamia mwenye sikio lililopasuka ni mfupa mgumu, atafika mvua na mimba yake.

Dahabo


Garissa
27 Februari 2025

Dahabo,

Sikukuambia habari ya sikio.

Mwiba ulilipasua mwezi wa kumi na moja. Najua mimi na Bishar na mzee. Na wewe, uliyekaa kwenye mkeka.

Nilitaka kujaza karatasi hii yote matusi, na ninayo. Lakini Najib ana homa, na mkono mmoja ndio ulio wazi, basi nakupa machache yenye uzito. Ulinifanya nimtukane mjinga nisiyemjua, na mjinga alikuwa anasoma. Umenieleza vijana wa jua na imani yao. Umemleta na marehemu mama yako akae mbele yako, wewe ujifiche nyuma yake. Mama yako alininyoa nywele na kunilaza kwenye ngozi yake nilipougua tetekuwanga likizo ile. Mwache apumzike.

Ndiyo, ile ya maua maua sikuisoma. Nilibonyeza "nakubali" na nililipa. Lakini nilibonyeza kwa kidole changu. Wewe ulichukua kidole cha mzee asiyejua kusoma ukakibonyeza wewe. Bishar anasema ulimshika mkono kwa upole. Ndiyo, nilimpigia nikamwuliza wakala alikuwa mwanamume au mwanamke.

Sikuombi uniombe radhi. Radhi hailiwi na ngamia. Nakuambia la kufanya. Kilicho Nairobi kiko Nairobi, sawa. Simu ni ya kampuni, imeandikwa nyuma kwa rangi. Namba ya siri ni ya kwako. Mzee atakupa wewe, maana hakuna mwingine aliyemwapia. Nenda ukaichukue.

Usipoenda, mbuzi wa mama yako walikufa ili wewe ujifunze kufanya walivyofanya wale wanaume, ila kwa mshahara.

Saado


Wajir
19 Machi 2025

Saado,

Nilienda.

Pikipiki ilinitoa Eldas mpaka barabara ilipoishia, na baada ya hapo njia nilionyeshwa na programu yenyewe. Nukta ya mzee ilikuwa bado ya manjano, inaelekea kijani. Ilinipeleka mpaka miguuni pake, mimi peke yangu, mwanamke na kofia ya kampuni. Nilipofika nilikaa nikafikiria ni nani mwingine angeweza kupelekwa hivyo.

Mumeo hakunisalimia. Mzee alinisalimia. Nilikuwa nimefunga, akasema basi ningoje magharibi. Nikangoja. Akanifuturisha kwa maziwa, Saado, ya ngamia walewale. Ningependa angenitukana.

Nikamwambia, "Baba, nimekuja kuchukua simu." Akauliza, "Imeugua?" Nikasema hapana. Nikamwambia, "Baba, ina jicho." Akauliza, "La nani?" Nikasema la watu wengi, na mengine ya watu wasiojulikana. Alinyanyuka mwenyewe akaenda kwa ngamia wa kuongoza, akaifungua kutoka kwenye kengele, akaisomea sura za kinga, Falaq na Nas, akanipa kwa mkono wa kushoto. Halafu akasema, "Wewe msichana ulijua?" Nikamwambia nilijua nusu. Akasema nusu ya jicho inaona pia.

Mumeo alinitupia maneno wakati naondoka. Alisema, "Mwambie rafiki yako ile ramani yake isiyouliza maswali nimeiweka. Nimetia alama visima vyetu vyote, na haijamwambia mtu." Kwa hivyo umeshinda, furahi.

Nilirudi ofisini nikaitia simu kwenye droo yangu. Namba ya siri niliisahau kidogo, basi ikabaki inawaka. Usiniulize mara ya pili kama niliisahau.

Sasa fikiria. Kwenye ramani, kundi zima la Mzee Dekow limefika Wajir mjini, nyuma ya jengo la kampuni, na limetulia. Halihami. Nukta ikawa kijani, kisha kijani kilichokolea kiasi kwamba meneja aliionyesha kwa wageni kwenye ukuta, "Tazameni, malisho bora zaidi kaunti nzima," bila kutazama ni wapi. Lori la kwanza likaja. Dereva akapiga honi getini akiuliza dimbwi liko wapi. Mlinzi akamwonyesha tangi la choo. Baadaye wakaja wengine, na mchana huo ng'ombe walikuwa wamekula ua lote la mbele, na maua ya mke wa meneja yaliyokuwa kwenye makopo. Meneja alisimama na tai yake akisema, "Kuna hitilafu, kuna hitilafu." Dereva akamwambia, "Bosi, simu haidanganyi. Ng'ombe zangu hazijali kama ni ofisi."

Walifungua droo. Kazi imeisha. Kofia wameichukua.

Nimekaa nyumbani. Simu yangu mwenyewe ilikuwa ya kampuni pia, na majina yote ya watu wangu yameenda nayo, tangu bwenini. Namba yako sikuwa nimeiandika popote. Hii karatasi ndiyo njia pekee niliyonayo ya kukupata. Cheka.

Dahabo


Garissa
8 Aprili 2025

Dahabo,

Sikucheka kwa namba zako zilizopotea. Kwa maua ya mke wa meneja nilicheka mpaka Najib akaamka, na yeye akacheka bila kujua ni nini, kama wale wageni waliotazama ukuta.

Nimekawia tena. Idi ilipita na homa, jino likatoka, homa ikaondoka. Bishar alipiga juzi. Mvua imegusa upande wao. Ngamia wa kitovu amekonda lakini amesimama, na mimba bado iko. Hakuna lori lililofika. Mzee anawaambia watu wanaompa pole kwamba alikuwa na ngamia wachache tu, wa kuhurumiwa. Amepona huyo.

Mulki ametuma kwenye kundi lao picha ya ng'ombe wakila maua ofisini, bila kujua simu ilikuwa ya baba yake. Ameandika, "Watu wa Wajir hawana akili." Mimi sikuiona, niliambiwa. Dunia ikiwa na jambo la maana, litanifikia kwa miguu.

Bado sijakusamehe vizuri. Kusamehe kwangu kunakuja polepole kama maziwa ya siku ya kwanza. Lakini siwezi kukuacha bila simu, watu watasema sisi watu wa ngamia ni wachoyo. Binti wa jirani anaiuza ya zamani, kioo kina ufa pembeni tu. Nimeifuta, nimeweka F-Droid, duka la zile programu za mlango wazi, nimeweka ramani. Nimeweka na Signal. Jina liko moja tu humo, na si la mwalimu wa kemia. Karani wa basi atakupa kifurushi hiki pamoja na barua. Safari hii ameuliza kama kuna matusi, nikamwambia yamepungua.

Nawe unitumie kwa basi la kurudi:

Samli ya kwenu, ile ya moshi, kopo moja, lililofungwa vizuri. Mara ya mwisho ilimwagikia gunia la mtu.

Uvumba.

Namba zote za wasichana wa bwenini utakazoweza kuzikumbuka, kwa kalamu, ila kila mmoja umwulize kwanza kama anataka niwe nayo.

Ngozi ya mama yako, kama bado ipo. Najib hataki kulala kwenye godoro. Ikiwa imekwisha, usininunulie nyingine.

Habari ya kama umekula.

Na ile idadi ya ngamia. Ya Nairobi siiwezi. Lakini iko pia kichwani mwako, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeijua. Hiyo usinitumie. Hata siku tukigombana, hata nikikuomba mwenyewe. Isahau, kama ulivyosahau namba ya siri.

Saado